Gurudumu la Tatu

Corradino D'Ascanio hakuwahi kuishi Jang'ombe, na kila nikipata pancha hilo linadhihirika.

D'Ascanio ndiye Mtaliano aliyebuni vespa. Kazi yake ya asili ilikuwa ndege. Mwaka 1930 alikwisha kurusha helikopta aliyoichora mwenyewe, wakati dunia nzima bado inabishana kama kitu hicho kinawezekana. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu, ndege za vita hazina tena mnunuzi, na mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, anatafuta chombo cha bei ndogo cha kumfikisha mtu kazini. Kazi akapewa D'Ascanio, ambaye pikipiki alikuwa hataki hata kuziona. Sababu zake nazielewa mno. Mnyororo unachafua nguo. Kupanda mpaka urushe mguu. Na tairi likitoboka njiani, kulitoa ni balaa.

Basi mnyororo akauondoa. Mahali pa miguu akapaacha wazi, mtu akae kwa heshima zake hata akiwa na kanzu, ingawa sidhani kama sisi wa kanzu tulimpitia akilini. Gurudumu la mbele akalishikiza upande mmoja tu, kwa mkono mmoja wa chuma, mtindo wa magurudumu ya ndege, ili litoke ubavuni bila kusumbua kitu kingine. Ubunifu huo ukawasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946 ukapewa hati.

Nia ya mzee yule ilikuwa njema. Alitaka mtu mwenye nguo safi asimame kando ya barabara, afungue nati, avute gurudumu bovu, atie zima, ajifute mikono, ashike njia. Peke yake. Na hapo kwenye peke yake ndipo hesabu za Pontedera zilipokataa kuvuka bahari.

Vespa yangu ni PX, aina iliyoanza kutoka mwaka 1977, na kabla ya kunifikia ilikwisha kupita kwa mabwana ambao, kwa nilivyoikuta, wote walikuwa na haraka. Magurudumu yake ya mbele na nyuma ni mamoja, tairi la 3.50 kwa 10, kwa hiyo gurudumu moja la akiba linakidhi pande zote mbili. Ukifungua bodi la ubavu wa kushoto, mkabala na injini iliyo kulia, unakuta mahali maalumu pa kulifunga. Nilipoinunua, mahali hapo palikuwa na plagi kuukuu, kitambaa kilichokauka kwa mafuta, na maganda ya karanga.

“Na spea iko wapi?” nikamuuliza muuzaji.

“Spea ipo, Maalim. Ila iko shamba.”

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa. Kila kinachokosekana mjini kiko shamba. Kadi ya chombo iko shamba, ufunguo wa pili uko shamba, risiti iko shamba kwa mama mkubwa. Spea yangu mpaka leo haijapata gari ya kuja mjini.

Nilivumilia. Aliyekataa kuvumilia ni mama watoto, ambaye siku moja tulipata pancha baada ya Kisonge, yeye yuko nyuma na kikapu cha samaki, na ikatulazimu kuisukuma vespa mpaka nyumbani kwenye jua la saa saba. Hakusema kitu njia nzima. Tulipofika mlangoni akaweka kikapu chini, akakaza kanga, akaniuliza kwa upole kabisa: “Hivi mume wangu, wewe una vespa ama una toroli?”

Kesho yake nilikuwa Darajani kutafuta ringi.

Muuza spea alikuwa amekaa nyuma ya kaunta iliyojaa kebo za klachi. “Ringi ya PX ipo,” akasema, “original.”

“Ya Italia?”

“Original ya India.”

Nilitaka kucheka, lakini nikajizuia, maana jamaa ana hoja. Kampuni ya Bajaj ilitengeneza vespa kule India kwa leseni ya Piaggio tangu mwaka 1960 hadi 1971. Leseni ilipokwisha haikufunga kiwanda. Mwaka uliofuata ikatoa skuta yake yenyewe, Chetak, kwa jina la farasi wa mfalme wao mmoja wa zamani, Maharana Pratap. Kwa hiyo katika bahari hii yetu vyombo hivi vina kwao kuwili, na muuza spea akikwambia original ya India hajakudanganya sana. Amekudanganya kwenye bei tu.

Ringi ya vespa si kipande kimoja. Ni nusu mbili, moja nene na moja nyembamba, zinazobana tairi katikati, na zinakazwa zenyewe kwa zenyewe kwa nati tano. Halafu gurudumu zima likishakamilika linafungwa kwenye ngoma ya breki kwa nati tano nyingine. Zote kumi ni spana namba 13. Hapo pana uzuri wake, maana fundi wa nyumbani hahitaji sanduku la vyuma. Hapo hapo pana kaburi, na nitalifikia.

Fundi alilipanga gurudumu langu vizuri, nampa haki yake. Alisugua kutu kwa msasa, akapaka rangi ya fedha, kisha akaniagiza poda. Poda hupakwa kwenye tyubu isigande na tairi wala isijikunje inapojazwa. Nikaenda nyumbani nikachukua ya mtoto. Jioni nikarudi nanukia, na swali nililoulizwa sebuleni siliandiki hapa, maana gazeti hili linasomwa na watoto.

Kwenye upepo ndipo tulipokosana. Kwa vespa hii upepo wa kawaida ni 18 mbele na 26 nyuma, na ukipakia mtu, nyuma unapandishwa mpaka 36. Gurudumu la akiba hulijui litakwenda wapi, hivyo akili inasema lijazwe ule wa juu kabisa; kupunguza njiani unabonyeza valvu kwa ukucha tu, ila kuongeza huna pa kuongezea. Nikamweleza fundi. Akajaza, akalipiga tairi kofi, akasikiliza.

“Tayari.”

“Ngapi hiyo?”

“Inatosha.”

“Inatosha ngapi, fundi?”

Akalipiga kofi jingine, safari hii akinitazama mimi. “Maalim, hili tairi likikuangusha njoo unipige na mimi.”

Nikalifunga ubavuni, bodi likafunikwa, vespa ikawa na gurudumu la tatu. Nilijihisi mtu mwenye nyumba mbili.

Furaha haikumaliza juma. Kosa la gurudumu la akiba ni hilo jina lake. Mtaani kwetu kitu kikishaitwa cha akiba, maana yake mwenyewe hakihitaji, na kama hakihitaji basi kinakaa bure, na kitu kukaa bure ni israfu, na israfu ni haramu. Hoja inapandishwa ngazi namna hiyo mpaka wewe uliyenunua unajikuta mshitakiwa.

Jirani yangu wa mlango wa pili, naye ana vespa, alipiga hodi usiku baada ya isha.

“Maalim, nimekuja kwa jambo dogo. Lile gurudumu lako la ubavuni unalitumia?”

“Ni la akiba, jirani. Halitumiwi mpaka—”

“Ndiyo maana nimekuja kwako. Naliazima, nafika Kiwengwa, narudi.”

Ungejibu nini? Huyu ndiye aliyeshika jeneza la baba yangu upande wa mbele. Mkewe ndiye aliyempokea mke wangu kwenye uzazi. Nikaenda na spana nikalifungua mwenyewe, nikampa, na yeye akaniombea dua nzuri ya safari ingawa msafiri alikuwa yeye.

Nafahamu kwamba gurudumu la akiba halikuanza duniani kwa sadaka. Magari ya zamani hayakuwa nalo. Tairi likipasuka dereva anakaa njiani analiziba hapo hapo. Mwaka 1904 huko Llanelli, Wales, Thomas Morris Davies akatengeneza ringi isiyo na njiti, yenye tairi lililokwisha kujazwa, unaipachika juu ya gurudumu bovu na unaendelea na safari. Wahindi mpaka leo gurudumu la akiba wanaliita stepney, kwa jina la biashara yake. Sasa angalia: aliliuza. Hakuna mahali paliposemwa kwamba majirani wa Llanelli walikwenda kwake baada ya isha.

Gurudumu langu lilirudi baada ya muda ambao nimeamua kutouhesabu, kwa ajili ya ujirani. Ringi ilikuwa yangu, rangi ya fedha naijua. Tairi lilikuwa kipara. Jirani akaapa ndilo lile lile, ila njia ya Kiwengwa ilikuwa na kokoto. Kokoto gani hizo zinazokula tairi na maandishi ya ubavuni? Kisha nikasikia barazani kwamba alikuwa akipakia magunia ya maembe. Jeshi la Ufaransa miaka ya 1950 lilifunga mzinga wa milimita 75 kwenye vespa za askari wake wa miavuli, na vespa zikastahimili. Lakini mzinga haukupata kushindana na maembe ya msimu.

Nikanunua tairi jingine, nikaongeza mnyororo na kufuli. Ndiyo, mnyororo, kwenye chombo ambacho mbunifu wake aliutoa mnyororo kwa makusudi. Mama watoto akasimama mlangoni akiniangalia nalifunga. “Gurudumu umelitia kufuli,” akasema, “na friji je, ambayo wadogo zako wanaifungua mpaka saa sita za usiku?”

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, nimealikwa nikaha Bububu baada ya alasiri. Kanzu nimepigiwa pasi, kofia mpya, manukato kidogo. Nimepita Mtoni, upepo wa bahari mzuri, vespa ikaanza kucheza kiuno. Anayeijua anaijua: mbele unakwenda Bububu, nyuma kunakwenda kwake. Nikaiachia mafuta taratibu, nikaelea mpaka ukingoni. Tairi la nyuma limekaa chini, na katikati yake kichwa cha msumari wa bati kinang'aa.

Sikusikitika. Ningesikitika kwa nini? Nina gurudumu zima ubavuni, ufunguo wa kufuli mfukoni, spana namba 13 chini ya kiti, mpini wake nimeuzungushia utepe mwekundu nisiupoteze. Niliyaona mawazo ya D'Ascanio yanakwenda kutimia. Nikapandisha kanzu, nikachuchumaa.

“Pole, shekhe.”

Ng'ambo ya barabara palikuwa na baraza ya wacheza dhumna, na kete zilikuwa zimeshalazwa.

Walikuja wote. Alikuja mzee na kikombe chake cha kahawa mkononi, akakamata nafasi ya mbele kwa haki ya umri. Wakaja vijana wa dhumna. Akaja muuza madafu na panga lake. Wakaja watoto wa skuli wenye mabegi, ambao kwa saa ile hawakupaswa kuwa pale. Gari ya shamba ikapunguza mwendo, utingo akachungulia, akatoa maoni, ikaondoka.

“Ilaze,” akasema mmoja.

“Usiilaze, petroli itamwagika.”

“Ilaze upande wa injini, nati ziko kushoto, ataziona vizuri.”

“Atazionaje na vespa iko chini? Weka jiwe.”

“Jiwe litapasua injini.”

“Litapasua vipi? Mimi vespa nimeipanda miaka—”

“Uliipanda kwa nyuma!”

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu, huku nimeshika spana ambayo sijapata nafasi ya kuitumia, maana kijana mwenye fulana ya mpira alikuwa ameshachuchumaa baina yangu na gurudumu langu.

Mzee wa kahawa ndiye peke yake aliyekuwa na elimu. “Mwanangu,” akaniambia, “kwanza tia gia ya kwanza, gurudumu lisizunguke. Legeza nati likiwa bado limekanyaga chini. Halafu ndiyo mnyanyue.” Ndivyo inavyotakiwa hasa. Nilikuwa nimeshatia gia, lakini kumwambia mzee kwamba nimeshatia ni ukosefu wa heshima, basi nikaitoa nikaitia upya mbele yake, akaridhika.

Nati za kwanza zililegea. Ya mwisho ikagoma, kijana akaipanda spana kwa mguu, ikalia, ikakubali. Wawili wakanyanyua mkia, mmoja akasukuma jiwe chini ya injini, lile lile lililosemwa litaipasua, na gurudumu likavutwa kushoto. Mtu mmoja akashika bomba la moshi kujiegemeza na kwa ukelele wake tukajua kwamba bado ni la moto.

Katika fujo hiyo nikageuka. Gurudumu la akiba lilikuwa limeshatolewa ubavuni, ufunguo wangu sijui nilimpa nani, na mtoto mmoja wa skuli amelilaza mapajani. Amepata spana nyingine kutoka kwa mtu fulani. Amekwisha kuzungusha nati moja, na mkono wake uko juu ya ya pili.

Zile zilikuwa nati za ringi.

Hili ndilo lile kaburi. Nati zinazoshika zile nusu mbili hazifunguliwi tairi likiwa na upepo. Hazifunguliwi hata ukiwa na haraka ya kuwahi pepo. Upepo wote wa ndani unazisukuma nusu zile zitengane, na kinachozizuia ni nati hizo tano basi. Ukizilegeza, chuma kinaruka, na kinaruka usoni kwa aliyeinama. Kwanza toa upepo wote, toa na ile valvu ya ndani, ndipo uguse. Mafundi wakubwa wanalijua hilo. Mtoto wa darasa la sita hajui, na spana haimwambii, kwa kuwa inaingia kote kote sawasawa. Katika yote aliyoyafanya D'Ascanio na waliomfuata, hapa ndipo ninapowalaumu: wangetia nati za ringi namba nyingine kabisa, mtu akosee asiweze.

“Acha!” nilipiga ukelele ambao nimeutumia skulini kwa miaka yote na haujapata kuniangusha. Mtoto akaganda.

“Nazikaza tu, Maalim.”

“Unakaza kwa kuzungushia kushoto?”

Akaufikiria mkono wake. Nikalichukua gurudumu, nikaikaza ile nati moja mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale watu walinyamaza. Kimya hicho hakikudumu. Muuza madafu akaanza kusimulia habari ya binamu yake wa Pemba na tairi la lori.

Kulitia gurudumu zima hakukuchukua muda. Unalioanisha na vile vishikio vya kwenye ngoma, unazitia nati zote kwa vidole kwanza, kisha unakaza kwa kuruka moja, si kwa kufuatana, gurudumu likae sawa lisielemee upande. Mzee alisimamia kila nati. “Ile ya juu. Sasa ya chini, hapana, ya kule. Ndiyo. Ongeza kidogo.” Kahawa yake haikumwagika hata tone.

Kwa saa ya ukutani nilikuwa na nafasi ya kutosha kuiwahi nikaha. Kwa saa ya Mtoni, hapana. Watu wamekusaidia, unaondokaje? Kuna kupeana mikono. Kuna “karibu kahawa”, ambayo ukiikataa umevunja baraza. Kuna kuulizwa vespa umeinunua kiasi gani, kisha kuambiwa umepigwa. Kuna kuulizwa wewe ni wa wapi, na ukitaja Jang'ombe lazima utajiwe mtu wa Jang'ombe, na lazima umjue, na ukishamjua lazima upewe salamu umfikishie. Mwishoni yule kijana wa fulana ya mpira, aliyenyanyua mkia wa vespa na kuifungua ile nati iliyogoma, akanipiga bega kwa mapenzi ya dhati: “Pole sana, Maalim.”

Nilifika Bububu kadhi ameshaondoka na halua imebaki sinia. Hayo niliyategemea. Nisilolitegemea ni watu kunitazama mgongo. Shemeji yangu ndiye aliyenivuta pembeni: begani kwenye kanzu nyeupe, vidole vitano vya grisi, na kiganja chake, mpaka mistari ya mkono ukitaka kuisoma.

Watu wa siku hizi wananiambia niuze hii, ninunue skuta mpya za otomatiki. Nimezitazama. Chini ya kiti kuna nafasi ya kofia ngumu, na gurudumu la akiba hakuna kabisa. Mara nyingi la mbele na la nyuma hata hayalingani, kwa hiyo ungelazimika kubeba mawili. Tairi halina tyubu, likitoboka linazibwa kwa kuchomekwa kamba ya mpira. Wageni wetu wanaokodi hizo kwenda Paje na Jambiani nawaona: mmoja akipata pancha anakaa chini ya mnazi, anampigia simu aliyemkodisha, na katika kumsubiri anapata dafu, mkeka, na watu wa kumfundisha Kiswahili. Hakuna anayemuuliza kanunua kiasi gani. Ama kwenye ile sinema ya Roman Holiday ya mwaka 1953, Gregory Peck na Audrey Hepburn wanaizungusha vespa Roma nzima, wanavuruga mpaka masoko, na nati hawagusi. Mimi nati nazigusa. Na pamoja na manung'uniko haya yote, siuzi. Gurudumu linalotoka kwa spana moja bado ni akili kubwa, na katika kuhangaika na vyombo vya moto sijaona kubwa kuliko hiyo.

Jumamosi nikalipeleka lile bovu kwa fundi pancha. Wasaidizi wote wa Mtoni, nakuarifu, hakuna aliyekuja kwenye sehemu hii. Fundi akatoa upepo uliosalia, akaitenganisha ringi, akaizamisha tyubu kwenye beseni, akaizungusha pole pole. Mapovu yakapanda. Akatia alama, akazungusha. Mapovu tena.

“Pancha tatu, Maalim.”

“Msumari ulikuwa mmoja.”

“Uliendelea kutembea, tyubu ikabanwa na ringi.”

“Sikuendelea. Nilisimama pale pale.”

“Basi uliisukuma.”

“Sikuisukuma. Ndiyo maana nilinunua gurudumu la akiba.”

Akaniangalia kwa huruma, akasugua mpira kwa msasa, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika kiraka cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Bei ni kwa kiraka, na msumari alioukuta ndani ya tairi akautupa hapo hapo mbele ya kibanda chake, kando ya barabara. Nikauokota, nikautia mfukoni. Akacheka. Mimi sikucheka.

Usiku, baada ya isha, nikasikia hodi. Naijua hodi ile.

“Maalim, nimesikia yaliyokupata. Pole sana. Sasa lile la akiba ndilo linalotembea nyuma, sivyo?”

“Ndilo.”

“Na hili lililozibwa ndilo lililo ubavuni?”

“Ndilo, jirani.”

“Basi hilo si lako tena la kulitegemea, lina viraka vitatu. Ningeliazima hilo hilo. Mimi si mtu wa kuchagua.”

Limekwenda Makunduchi. Kufuli amenirudishia.

Langu lililobaki ni ombi. Ile spana yangu namba 13, yenye utepe mwekundu kwenye mpini, haikuondoka Mtoni pamoja nami. Simshutumu mtu, mikono ilikuwa mingi. Aliyenayo aiache kwa muuza kahawa wa baraza ile ya dhumna, sitauliza lolote. Na kama mwenyewe ana PX, azikaze nati zake za nyuma kwanza kabla hajairudisha, kwa kuruka moja moja, na zile za ringi asiziguse.